Makerere Ina Umri Gani? Shule na Vyuo vya Uganda Mwanzoni mwa Miaka ya Sabini

Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Makerere kilisherehekea kutimiza miaka 100, na hakuna aliyeona ajabu. Hata hivyo, sheria iliyokifanya kuwa chuo kikuu kinachojitegemea ni ya mwaka 1970, kwa hiyo mtu anayeshikilia sheria angeweza kusimama katikati ya sherehe zile na kudai, bila kukosea, kwamba mzee anayepongezwa ana miaka 52 tu. Hesabu zote mbili ni sahihi, na tofauti kati yake ndiyo inayowachanganya wengi wanaposoma kwamba mwanzo wa miaka ya sabini ulikuwa wakati wa kuanzishwa kwa shule na vyuo vikuu vipya katika Afrika Mashariki. Kauli hiyo ina ukweli, lakini kwa upande wa Uganda inahitaji kuchambuliwa, kwa sababu neno "kuanzishwa" limebeba sheria, majengo na walimu kwa pamoja, na katika nchi yetu miaka ile vitu hivyo havikufika siku moja. Mara nyingi karatasi ilitangulia, na walimu ama walichelewa ama walifukuzwa.

Tuanze na kilima chenyewe cha Makerere. Mwaka 1922 kilifunguliwa hapo chuo cha ufundi chenye wanafunzi 14, waliofundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Muda si mrefu yakaongezwa mafunzo ya utabibu, yaliyotegemea hospitali ya Mulago iliyo jirani, na polepole kilima kikawa mahali ambapo vijana wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar walikwenda kutafuta elimu ambayo haikupatikana kwao. Mwaka 1949 kikawa chuo kishiriki kilichofungamana na Chuo Kikuu cha London, maana yake ni kwamba masomo yalitolewa Kampala lakini shahada ilikuwa ya London. Kisha, Juni 1963, kikazinduliwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kimoja kwa nchi tatu, chenye vyuo vishiriki vitatu: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Mwalimu Julius Nyerere. Mpangilio huo ulidumu miaka saba. Ulivunjwa mwishoni mwa Juni 1970, na tarehe 1 Julai nchi zetu tatu zikaamka kila moja ikiwa na chuo kikuu chake.

Ili jambo hili lishikike, tufikirie familia moja ya kubuni ya Jinja yenye watoto watatu waliosoma Makerere. Kifungua mimba aliingia mwaka 1958 na akatoka na shahada ya Chuo Kikuu cha London, ingawa hajawahi kuuona mto Thames. Wa pili aliingia mwaka 1963, na shahada yake ikaandikwa jina la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kitinda mimba aliingia mwaka 1968 chini ya chuo kikuu hicho hicho, lakini alipohitimu mwaka 1971 alipewa cheti cha Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala. Wote watatu wangeweza kulala bweni moja na kupanda njia ile ile ya kutoka Wandegeya wakiwa na vitabu kwapani. Vyeti vyao, vikitundikwa katika fremu tatu kwenye ukuta wa sebule ya baba yao, vingemfanya mgeni adhani watoto hawa walitawanyika duniani. Na katika fremu hizo tatu, ile ya katikati ndiyo ingemsumbua zaidi, maana inataja chuo kikuu ambacho leo hakipo mahali popote.

Kwa nini basi nchi tatu zilizokuwa na chuo kikuu kimoja zikaamua kutengana? Jibu la haraka ambalo watu hutoa ni siasa, na siasa zilikuwapo, lakini chanzo kikubwa kilikuwa namna masomo yalivyogawanywa. Kwa kuwa fedha zilikuwa chache, kozi za gharama kubwa ziliwekwa mahali pamoja kwa ajili ya wote. Udaktari na kilimo vilikuwa Makerere. Uhandisi, usanifu majengo na tiba ya mifugo vilikuwa Nairobi, katika chuo kilichokuwa kimeanza kupokea wanafunzi mwaka 1956. Sheria ilikuwa Dar es Salaam, na kwa kweli chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa na somo hilo tu, kikitumia jengo la chama cha TANU. Kijana wa Mbarara aliyetaka kutibu ng'ombe alilazimika kwenda Kabete nje kidogo ya Nairobi, na aliyetaka uwakili alikwenda pwani.

Kwenye karatasi mpango huo ulipendeza, na binafsi bado naona kwamba ulikuwa wa busara kuliko mambo mengi yaliyoufuata. Ugumu ulikuwa katika nafasi. Kila serikali ilikuwa imetoka kupata uhuru, na ilikuwa na orodha ya madaktari, wahandisi na mawakili iliowahitaji haraka ili kujaza nafasi zilizoachwa na Waingereza. Ikiwa kitivo cha udaktari kiko katika nchi jirani, huwezi kukipanua kwa amri yako, wala kuongeza idadi ya vijana wako bila kujadiliana na wenzako wawili ambao nao wanataka hivyo hivyo. Kenya haikusubiri: mafunzo ya udaktari yalianza Nairobi mwaka 1967, miaka mitatu kabla ya kutengana. Tanzania nayo ilikuwa na shule ya utabibu Dar es Salaam tangu mwaka 1963, na mwaka 1968 ikawa kitivo. Uganda pia haikukaa kimya, kwani mwaka huo huo wa 1968 Makerere ilianza kufundisha sheria kupitia idara ndogo. Ukizipanga tarehe hizi unaona kwamba makubaliano ya kugawana masomo yalikuwa yamekwisha kuvunjika kwa vitendo, na kilichofanyika mwaka 1970 kilikuwa kuandika talaka ya ndoa ambayo wahusika walikuwa hawakai tena nyumba moja.

Siasa ziliongeza kasi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 na sera ya Elimu ya Kujitegemea, Tanzania ilitaka chuo kikuu kinacholea kizazi cha kijamaa, jambo ambalo Kenya haikuwa na haja nalo hata kidogo. Milton Obote, rais wa Uganda, naye alikuwa amevunja falme na kutunga katiba mpya, na alihitaji taasisi zinazoitwa za kitaifa. Chuo kikuu kilikuwa kama bendera na wimbo wa taifa, kitu ambacho nchi huru ilitarajiwa kuwa nacho.

Hivyo basi, vyuo vikuu vitatu "vipya" vya mwaka 1970 havikuhitaji hata tofali moja ili vihesabiwe kuwa vipya. Wanafunzi walikuwa wale wale, na mihadhara iliendelea kwenye kumbi zile zile. Kilichobadilika kilikuwa mamlaka, na asidhani mtu kwamba hilo ni dogo. Chini ya sheria ya mwaka 1970, Makerere ilipata haki ya kutoa shahada kwa jina lake na kuanzisha kitivo bila ruhusa ya nchi nyingine, lakini wakati huo huo ilifungwa karibu zaidi na Ikulu, kwa kuwa rais wa nchi ndiye aliyekuwa Mkuu wa Chuo. Kwa miaka saba chuo kilikuwa na mabwana watatu ambao hawakukubaliana kwa urahisi, na mkono wa yeyote kati yao haukuwa mrefu sana. Sasa kilibaki na mmoja.

Uanzishaji wa kweli ulitokea ndani ya chuo. Ile idara ndogo ya sheria ikapandishwa kuwa kitivo mwaka 1970. Mwaka huo huo kikaanzishwa kitivo cha teknolojia, ili wahandisi wa Uganda wasilazimike kusomea Nairobi, na misitu nayo ikapata idara yake. Mwaka 1971 kikafuata kitivo cha tiba ya mifugo. Ukitazama orodha hiyo utaona kwamba Makerere ilikuwa inajaza, moja baada ya jingine, mapengo yaliyoachwa na ule mgawanyo wa zamani. Nairobi ilifanya hivyo kwa upande wake ilipoanza kufundisha sheria mwaka 1970, na Dar es Salaam ilipofungua kitivo cha uhandisi mwaka 1973. Katika muda wa miaka mitatu hivi, kozi kadhaa ambazo zilikuwa moja kwa nchi tatu zikawa tatu.

Tarehe 8 Oktoba 1970 Makerere ilizinduliwa rasmi kuwa chuo kikuu cha taifa, Obote akiwa Mkuu wa Chuo. Yusuf Lule, aliyekuwa amekiongoza chuo tangu mwaka 1964 na ambaye baadaye angekuwa rais wa nchi kwa siku 68 tu mwaka 1979, alipisha, na Frank Kalimuzo akawa Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza. Miezi mitatu na nusu baadaye, tarehe 25 Januari 1971, Idi Amin alitwaa madaraka, na kwa sheria ile ile iliyokuwa haijakauka wino akawa Mkuu mpya wa Chuo. Oktoba 1972 Kalimuzo alitoweka mikononi mwa watu wa utawala huo na hakuonekana tena.

Hapa ndipo karatasi na walimu walipoachana. Kitivo kikianzishwa leo, wahadhiri wake wa mwanzo hawawezi kuwa wahitimu wake, maana inachukua miaka kadhaa kumtoa daktari wa mifugo, na mingine zaidi kumpeleka masomo ya juu hadi aweze kurudi kufundisha. Katika kipindi hicho cha mpito kitivo huishi kwa wahadhiri wa kuazima, na mwanzoni mwa miaka ya sabini wengi wa wahadhiri hao walitoka Uingereza, Marekani na katika jamii ya Waasia wa Afrika Mashariki. Tarehe 4 Agosti 1972 Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke, wakapewa siku 90, na kufikia tarehe 8 Novemba makumi ya maelfu walikuwa wamekwenda. Uhusiano na Uingereza ukaharibika, na walimu Waingereza wakaanza kufungasha. Kitivo cha tiba ya mifugo kilikuwa katika mwaka wake wa pili. Cha teknolojia kilikuwa na miaka miwili tu.

Mashule yalipata pigo hilo hilo, pengine kubwa zaidi, na ili kulielewa inabidi turudi nyuma kidogo. Mwaka 1963 tume iliyoongozwa na Edgar Castle ilipendekeza mabadiliko makubwa ya elimu ya Uganda, na mwaka huo huo serikali ikapata nguvu ya kisheria juu ya shule ambazo kwa miongo mingi zilikuwa chini ya makanisa na jumuiya za dini. Katikati ya miaka ya sitini ngazi zikapangwa upya: badala ya miaka sita ya msingi ikifuatiwa na miwili ya sekondari ya chini, mtoto akasoma msingi miaka saba, kisha akaingia kidato cha kwanza. Sekondari za chini zikafutwa kama ngazi. Lakini majengo hayafutiki, na baadhi yake yalibaki na madawati na viwanja, yakapandishwa kuwa sekondari kamili au yakaunganishwa na shule za msingi. Mwaka 1967 ukaja mkopo wa Benki ya Dunia wa kupanua elimu, ambao sehemu yake kubwa ilikuwa ya sekondari, na ujenzi ukaendelea kuvuka mwaka 1970. Kwa hiyo ukikuta bango la shule ya sekondari lenye mwaka wa mwishoni mwa miaka ya sitini au mwanzoni mwa sabini, usikimbilie kudhani kwamba palikuwa na pori kabla ya hapo. Uliza wazee wa kijiji. Mara nyingi watakuambia shule ilikuwapo tangu enzi za wamisionari, na mwaka ule wa bango ni wa kubadilishwa hadhi.

Walimu wa sekondari hizo walitoka wapi? Tangu mwaka 1961 palikuwa na mpango wa kuleta vijana Wamarekani na Waingereza, ambao baadhi yao walipitia mafunzo Makerere kabla ya kusambazwa katika sekondari za Afrika Mashariki. Wamarekani wa kujitolea wa Peace Corps nao walikuwa Uganda tangu mwaka 1964. Serikali ilijua kwamba msaada huo hauwezi kuwa wa kudumu na ilikuwa inafundisha walimu wenyeji, hasa katika chuo cha ualimu cha Kyambogo na Makerere, lakini ilitarajia kupokezana kwa hatua. Mwaka 1972 Peace Corps iliondoka na Waasia wakafukuzwa. Shule ambayo ilikuwa na maabara mpya ya mkopo ikajikuta haina wa kufundisha kemia ndani yake. Ndiyo maana naona ni kosa kuhesabu maendeleo ya miaka ile kwa kuhesabu shule.

Kuondoka kwa Waasia kulizalisha pia aina ya ajabu ya "shule mpya". Jumuiya zao zilikuwa na shule nzuri mijini, zikiwamo zile za Aga Khan, na baada ya mwaka 1972 serikali ilizichukua. Katika daftari la wizara shule za umma zikaongezeka bila mtu kumwaga zege. Shule za Aga Khan zilirudishwa kwa wenyewe mwanzoni mwa miaka ya tisini.

Si kila kitu kilichozaliwa miaka ile kilizaliwa na upungufu. Mwaka 1971 palifunguliwa Soroti chuo cha usafiri wa anga, kwa ajili ya kufundisha marubani na mafundi wa ndege wa Kenya, Tanzania na Uganda. Kiliundwa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa msaada wa mashirika ya Umoja wa Mataifa, na kwangu ndicho mfano wa kuvutia kuliko yote, kwa sababu kilianzishwa kwa fikra ile ile ya kugawana ambayo vyuo vikuu vilikuwa vimeitupa mwaka mmoja tu kabla. Nchi iliyoshindwa kuvumilia kitivo cha pamoja cha sheria ilikubali shule ya pamoja ya urubani, na sababu yake haihitaji utafiti mkubwa: ndege za kufundishia ni ghali mno kwa mtu kujinunulia peke yake. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, lakini chuo kilibaki Soroti na kipo hadi leo. Pale Nakawa, Kampala, chuo cha ufundi stadi kilichosaidiwa na Japani nacho ni cha miaka hiyo hiyo.

Mwaka 1973 ulikuwa na amri mbili ambazo msomaji wa Kiswahili anapaswa kuziweka pamoja. Moja ilianzisha Kituo cha Taifa cha Ukuzaji Mitaala, ambacho kazi yake ni kuamua watoto wa Uganda wasome nini. Haja yake ilikuwa ya kweli, kwa kuwa mitaala na mitihani ilikuwa imeandikwa Cambridge kwa muda mrefu, na hata Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1967 kuchukua kazi hiyo, lilikwisha kuachwa na Tanzania mwaka 1971. Amri nyingine ilikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Mtu angetarajia kwamba amri ya pili ingeipa ya kwanza kazi ya haraka, yaani vitabu vya Kiswahili, walimu wa Kiswahili na vipindi katika ratiba. Haikuwa hivyo. Kiswahili kiliendelea kusikika kambini, barabarani na sokoni, na wengi wakakihusisha na bunduki, huku darasani kikikosa mwalimu. Inasikitisha zaidi ukikumbuka kwamba kamati iliyosimamia usanifishaji wa Kiswahili kwa Afrika Mashariki nzima ilikuwa na makao yake Makerere kwa takriban miaka kumi tangu mwaka 1952, kabla ya kuhamia Mombasa na hatimaye Dar es Salaam, ilikogeuka kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Uganda iliipa lugha cheo mwaka 1973, baada ya wataalamu wake kuwa wamekwisha kuhama kilima.

Linabaki swali la chuo kikuu cha pili. Februari 1974, katika mkutano wa wakuu wa nchi za Kiislamu uliofanyika Lahore, Pakistan, iliamuliwa kwamba Afrika ipatiwe vyuo vikuu viwili vya Kiislamu, kimoja Niger kwa ajili ya nchi zinazotumia Kifaransa na kingine Uganda kwa ajili ya zile zinazotumia Kiingereza. Amin alikuwa ameiingiza Uganda katika jumuiya hiyo ya nchi, na uamuzi wa Lahore ulikuwa sehemu ya faida aliyorudi nayo nyumbani. Baadhi ya maandishi huuhesabu mwaka huo kuwa ndio wa kuanzishwa kwa chuo, na kwa mantiki ya kuhesabu maazimio wako sawa. Lakini utawala wa Amin ulianguka Aprili 1979 bila mwanafunzi yeyote kusajiliwa, na serikali kadhaa zikapita baada yake. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kilifungua milango yake Mbale tarehe 10 Februari 1988, kikiwa na wanafunzi 80. Hadi siku hiyo, pamoja na sheria, amri na maazimio yote tuliyoyataja, Uganda ilikuwa na chuo kikuu kimoja, kile cha kilimani.